Usichomoe Betri Kwanza

Msikilizaji, kama uko nyuma ya usukani punguza mwendo kidogo tuongee. Leo nataka kugombana na ushauri ambao karibu kila mwenye gari ameshawahi kupewa. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, ile ya njano yenye picha ya injini, umeingiwa na wasiwasi, na kabla hujafika kwa fundi umeshakutana na mtu anayejua. Anakuambia chomoa betri, subiri dakika kumi, rudisha, gari litajiseti lenyewe. Unachomoa. Taa inazimika. Unampigia simu kumshukuru. Siku chache baadaye unatoka kazini jioni, taa hiyo hapo, imerudi.

Ushauri wenyewe si uongo. Kuna wakati kuiseti upya kompyuta ya gari ndiyo kazi sahihi, na nitafika huko. Shida ni kwamba watu wanauanzia mwisho. Wanafuta kwanza, wanatafuta ugonjwa baadaye, na wakati huo kila kilichoweza kuwaonyesha ugonjwa ulipo kimeshapotea.

Gari lolote la petroli linalopuliziwa mafuta kwa nozeli, yaani karibu kila gari dogo linaloshushwa siku hizi bandarini Dar es Salaam na Mombasa, lina kompyuta, ambayo mafundi wetu wanaiita kontroli boksi. Inasoma sensa: joto la maji, kiasi cha hewa inayoingia, mkao wa pedeli, mzunguko wa injini, na oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Petroli inaungua vizuri hewa ikiwa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya mafuta, na kompyuta inahangaika kukaa karibu na hapo, ikiongeza na kupunguza mafuta mara kadhaa kila sekunde. Lakini injini haibaki kama ilivyotoka kiwandani. Nozeli zinaanza kuziba, mipira ya hewa inakakamaa, ea klina inajaa vumbi la barabara ya kijijini. Kompyuta inajifunza mabadiliko hayo na kuyaweka kwenye kumbukumbu: injini hii sasa inataka mafuta zaidi kidogo, ile inataka pungufu. Ndiyo maana gari la miaka 15 linaweza kuwaka kwa mara moja asubuhi kana kwamba halina umri.

Ukichomoa betri, kwa magari mengi unafuta mambo matatu kwa mpigo. Unafuta namba ya hitilafu. Unafuta kile ambacho kompyuta ilijifunza. Na unafuta picha ya hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea: lilikuwa kwenye mwendo gani, injini inazunguka mara ngapi, maji yana joto gani. Hicho cha tatu watu hawakijui kabisa, nacho kwa fundi makini kina thamani kuliko hata namba. Kinamwambia kwamba gari lilisumbua likiwa la baridi, au likipanda mlima, au limesimama kwenye foleni. Kukifuta ni sawa na kumfukuza shahidi kabla polisi hajafika.

Sasa kwa nini taa inakaa kimya siku chache halafu inarudi? Si kwamba gari lilipona likaugua tena. Hitilafu nyingi kompyuta haizitangazi mara ya kwanza. Inaiona katika safari moja, inaiandika pembeni kama jambo la kuangaliwa, na ikiiona tena safari inayofuata ndipo inawasha taa. Zaidi ya hapo, vipimo vingine haifanyi mpaka masharti yatimie, kama injini kupata moto kamili na gari kwenda mwendo wa kutulia kwa muda. Mtu anayetoka Mbezi kwenda mjini kwenye foleni kila siku anaweza kukaa wiki nzima kabla masharti hayo hayajatimia. Wiki hiyo ndiyo anayoisifia betri. Na kinyume chake pia ni kweli: hitilafu ikiondoka yenyewe, safari tatu mfululizo bila kosa zinatosha kompyuta kuizima taa bila mtu kugusa spana.

Taa hii, kwa asili, haikutengenezwa kumsaidia dereva. Ilizaliwa na moshi wa Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit, wa chuo cha Caltech, alionyesha kwamba ukungu mchafu uliokuwa ukiwawasha watu macho ulitokana na moshi wa magari na viwanda vya mafuta ukipigwa na jua. Jimbo la California likaja kuwa la kwanza kudai, kwa magari ya kuanzia 1988, kwamba gari lijichunguze lenyewe na kumwonya mwenyewe likianza kuchafua hewa. Mwaka 1996 Marekani nzima ikaweka utaratibu mmoja kwa magari mapya: tundu moja la kuchomekea mashine, lenye pini 16, na namba za hitilafu zinazofanana kwa watengenezaji wote. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa hiyo kazi kuu ya taa hii ni moshi. Gari linaweza kwenda vizuri kabisa taa ikiwa imewaka, na linaweza kuwa na beringi inayolia kama mbuzi wala taa isiseme kitu.

Ila kuna hali moja ambayo hupaswi kuipuuza hata kwa kilomita chache. Taa ikiwaka na kutulia, una muda wa kupanga safari ya gereji. Ikiwa inamweka, inawaka na kuzima, maana yake injini inamisi vibaya: mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye ekzosi na kwenda kuungulia ndani ya masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi, na masega yakipata joto hilo yanayeyuka. Ondoa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kuegesha. Na zile taa nyekundu, ya oili, ya joto la maji na ya betri, ni habari nyingine kabisa, hizo si za kusubiri.

Basi soma kwanza. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachozungumza na simu kwa bluetooth, siku hizi kinauzwa mpaka na machinga, na programu za simu za kusomea namba zipo za bure. Kwa gari la zamani zaidi huhitaji hata hicho. Toyota nyingi za miaka ya tisini zina kiboksi chini ya boneti chenye matundu yenye maandishi. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa ya injini inavyomweka. Ikimweka mara mbili, ikapumzika, ikamweka mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mara nne kisha moja ni 41, sensa ya mkao wa mlango wa hewa, ule mafundi wanaouita throto. Hakikisha tu ni matundu hayo mawili, si mengine ya jirani.

Andika namba kwenye karatasi. Halafu, tafadhali, usikimbilie dukani na karatasi hiyo. Namba inakuambia kompyuta inalalamikia nini. Haikuambii kifaa gani kimekufa. Chukua P0171. Maana yake mchanganyiko una hewa nyingi au mafuta kidogo. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa hiyo, na watu wengi hubadilisha sensa ya oksijeni, yaani wanamwadhibu mtoa taarifa. Mara nyingi kosa ni mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini, au sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta inayochoka. Mpira uliopasuka unauona kwa macho ukiwa na tochi na subira, na wakati mwingine unausikia ukipiga mluzi injini ikiwa sailensi.

Au chukua P0420, inayosema masega hayafanyi kazi. Kama uliwahi kukubali yatobolewe ili gari liwe jepesi, basi kompyuta inasema kweli tupu na utafuta namba hiyo mpaka uchoke.

Ninayoipenda zaidi ni P0302, kwa sababu unaweza kuipima nyumbani bila kununua chochote. Tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda: silinda ya pili inamisi. Kwenye injini ambazo kila plagi ina koili yake juu, zima gari, acha lipoe, toa koili ya silinda ya pili uibadilishane na ya silinda ya tatu. Sasa, na sasa tu, futa kumbukumbu, kisha endesha. Namba ikirudi ikiwa P0303, tatizo limehama pamoja na koili, na koili hiyo ndiyo mbovu. Ikirudi P0302 ileile, koili haina kosa. Hamisha plagi nayo kwa njia hiyohiyo, na ikigoma kuhama ndipo uanze kuifikiria nozeli au mgandamizo wa silinda yenyewe. Umetumia spana namba kumi na saa moja ya Jumapili, na hujanunua koili nne kwa sababu moja tu ni mbovu. Hapo ndipo kufuta kumbukumbu kunapokuwa na maana: ulikuwa na swali, na ulifuta ili upate jibu.

Tuje kwenye umeme wenyewe. Sehemu kubwa ya kesi zinazoitwa za kompyuta zinaishia kwenye betri na ethi. Dalili yake ni taa tatu nne kuwaka kwa pamoja, ya injini, ya breki za ABS, ya usukani wa umeme, zote kwa dakika moja. Vifaa vitatu havifi kwa dakika moja. Mara nyingi umeme umeshuka na kila kompyuta inalalamika kwa lugha yake. Nunua multimita. Ya kawaida inauzwa bei ndogo kuliko kujaza tangi. Asubuhi kabla hujawasha gari, pima betri: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu hivi, 12.0 kwenda chini ni betri iliyoishiwa. Mwombe mtu apige stata huku ukiangalia. Isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikishawaka, magari mengi yanatakiwa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12 na kitu, alternata haichaji, au mkanda unateleza. Ukiona inapita 15, inachaji kupita kiasi na inaweza kuua betri na vifaa vingine.

Kisha ethi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, ncha nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikipita nusu volti, umeme unapata shida kurudi kwenye betri, na hapo ndipo sensa zinapoanza kusema uongo bila kosa lao. Ninyi mlioko Tanga, Mombasa, Unguja na pwani yote, anzieni hapa kila mara. Hewa ya chumvi inakula vichwa vya betri na pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo uondoe kwa maji ya moto na magadi, sugua mpaka chuma kionekane, kausha, kaza, paka grisi kidogo. Nimeona magari yakitembezwa gereji tatu kwa ajili ya nati ya ethi iliyolegea.

Kama betri inaisha usiku gari likiwa limezimwa, kuna kitu hakilali. Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni alamu, kifaa cha kufuatilia gari au spika kubwa, vitu vilivyofungwa hapa nyumbani kwa waya zilizomenywa na kuviringishwa selotepu. Weka mita kwenye upande wa ampea, iunganishe kati ya nguzo ya hasi na waya wake, funga milango, subiri mpaka saa nzima maana kompyuta za gari zinachelewa kulala. Magari mengi hayapaswi kula zaidi ya miliampea 50. Ikiwa inakula zaidi, toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, na njia ya fyuzi hiyo ndiyo ya kufuata. Usipige stata mita ikiwa imeunganishwa hivyo, utaichoma. Na fyuzi iliyoungua irudishie ya kiwango kilekile, nyekundu ampea 10, bluu 15, njano 20. Anayeweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi anatafuta moto, na huwa anaupata.

Kuna tabia moja ya gereji ambayo ningeipiga marufuku kama ningekuwa na mamlaka. Fundi anawasha injini, kisha anachomoa kichwa cha betri ili aone kama gari litazimika. Lisipozimika anasema alternata ni nzima. Kwa gari la kabureta la zamani ungeweza kunusurika. Kwa gari lenye kompyuta, betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye alternata. Ukiitoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu kwa kasi na kuchoma kontroli boksi ambayo ilikuwa haina tatizo lolote. Multimita inajibu swali hilohilo bila hatari. Ukimwona fundi anapeleka spana kwenye betri injini ikiwa inaunguruma, mshike mkono. Na kama gari linakwenda kuchomelewa bodi, betri ichomolewe kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa.

Haya, tuseme umesoma namba, umepata ugonjwa, umeutibu. Umebadilisha sensa, au umesafisha throto. Sasa kuiseti upya ni halali, kwa sababu yale kompyuta iliyojifunza yalihusu kifaa cha zamani. Njia safi ni kufuta kwa kifaa kilekile ulichosomea. Kwa Toyota nyingi za zamani unaweza kutoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika gari likiwa limezimwa, ukairudisha. Njia ya betri iwe ya mwisho, na hapo kuna mpangilio: vua pete na saa ya chuma, zima kila kitu, toa ufunguo, anza na waya wa hasi, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba bodi nzima ya gari ni hasi. Spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na hasi bado imefungwa, utaona cheche ambazo hutazisahau, tena karibu na betri inayotoa gesi inayolipuka.

Hapa kuna jambo linalonihusu mimi mwenyewe, maana ninaishi kwa kusikilizwa. Mlioagiza magari Japani mnajua redio zake zilivyo: FM ya kule inaanza 76 na kwa redio nyingi za zamani inaishia 90, wakati hapa stesheni zimejaa mpaka 108, ndiyo maana mnafungiwa kile kiboksi cha kushusha masafa. Sasa, nyingi za redio hizo zenye ramani zikikatiwa umeme zinajifunga. Zinadai kadi ya ramani au namba ya siri, kwa Kijapani, na kadi mara nyingi haikufika pamoja na gari. Umechomoa betri kuzima taa, umepoteza redio. Pamoja nayo, kioo cha kupanda chenyewe kinaweza kusahau; funga kioo kwa swichi na uendelee kuivuta kwa sekunde chache baada ya kufika juu, mara nyingi kinakumbuka. Injini nayo inaweza kugoma kushika sailensi na gia za otomatiki kuingia kwa kushtuka kwa siku kadhaa. Iache ipate moto bila kiyoyozi, kisha iendeshe kwa mwendo wa kuchanganya, mjini na barabara ndefu, mpaka ijifunze upya.

Kwa wenye haibridi, niseme kwa ufupi: waya za rangi ya chungwa si za kujifunzia. Prius ya kizazi cha pili ina betri kubwa ya zaidi ya volti 200. Betri ndogo ya volti 12 unaweza kuipima kama nilivyoeleza, hiyo kubwa mwachie aliyefundishwa.

Namalizia na wanaotaka kununua, kwa sababu hawa ndio wanaoumizwa zaidi na ufutaji huu. Muuzaji akifuta kumbukumbu asubuhi, wewe ukija saa nne utakuta dashibodi safi. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa balbu au ameiziba. Halafu chomeka kile kifaa chako, upite ukurasa wa hitilafu uende kwenye ukurasa wa vipimo ambavyo gari linajifanyia. Kwa magari yenye mfumo huo, kumbukumbu ikifutwa vipimo hivyo vinarudi kuwa havijakamilika, na havikamiliki mpaka gari litembee vya kutosha. Muuzaji anaweza kuzima taa, ila ukurasa huo hawezi kuujaza akiwa ameegesha. Ukikuta vingi havijakamilika, usitoe hata shilingi ya kishika nafasi. Mwambie alitembeze wiki moja, nawe utarudi na kifaa chako.